Mikono Baridi ya Noreen

Desemba ilipoingia Thornrigg, kijiji cha wafuga kondoo kilichojibanza kwenye bonde moja la Yorkshire, theluji ilikalia kuta za mawe na kila dirisha la jikoni likavaa ukungu wa mvuke. Wanaume walikuwa nje wakiwapelekea kondoo nyasi kavu. Wanawake walikuwa ndani, unga umewafika kwenye viwiko. Ulikuwa msimu wa pai za Krismasi, zile ndogo za kuenea kiganjani, zinazojazwa zabibu kavu, tufaha, shahamu na maganda ya machungwa, mchanganyiko uliolowekwa kwenye brandi tangu majani yalipoanza kupukutika. Kujaza pai kila mtu aliweza. Ganda lake ndilo lililowatenga wapishi na wababaishaji. Ganda gumu kama soli ya kiatu lilimfedhehesha mwanamke mbele ya kanisa zima. Ganda jepesi, linalomong'onyoka ulimini kabla jino halijaligusa, lilimpa sifa iliyomfuata hadi kaburini.

Sifa hiyo kwa miaka mingi ilikuwa ya Bi Hilda Thwaite. Alikuwa mjane, mwanamke wa miraba minne, mwenye mashavu mekundu na mkono usiojua kukaa bure. Ukiugua, supu yake ilifika kabla ya daktari. Ila alikuwa na kasoro moja: neno likimjia kichwani lilikuwa limekwisha mtoka mdomoni. Wanakijiji walisema kwamba ulimi wa Hilda ni mwepesi kama pai zake, na kwa sababu ya pai waliusamehe ulimi.

Mumewe alipofariki, alibaki akiendesha shamba la kondoo walilolikodi, pamoja na Alwyn, mwanawe wa pekee. Alwyn alikuwa kijana mpole, mtu wa maneno machache, na watu walishangaa aliporudi kutoka Bradford na mchumba. Msichana huyo, Noreen, alikuwa mfumaji katika kiwanda cha sufu. Sufu aliijua, lakini kondoo mwenyewe alimwogopa. Siku ya kwanza alipokimbizwa na kondoo dume uani, Bi Hilda alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akamfuata, akamfuta tope na kumwambia, "Usijali, mwanangu. Huyo hata mimi ananichukia." Tangu siku hiyo wakawa chanda na pete, na harusi ya vijana ikafuata.

Mwezi Machi, theluji ikiwa imeziba njia, Noreen alijifungua mtoto wa kiume kabla ya wakati wake. Wakamwita Robin. Daktari alipofika akiwa amepakiwa kwenye trekta ya jirani, alisikiliza kifua cha mtoto kwa muda mrefu, akatikisa kichwa. Moyo wa mtoto ulikuwa na hitilafu ya kuzaliwa nayo. Hakuna mkono wa binadamu ambao ungeweza kuutengeneza. Robin aliishi siku chache tu. Alikata roho asubuhi moja kifuani pa mama yake, Bi Hilda akiwa ameketi kando yao kitandani. Bi Hilda ndiye aliyeuosha mwili ule mdogo, akauvisha kofia aliyoifuma mwenyewe.

Noreen hakulia kwa sauti. Alikuwa na swali moja tu, nalo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Mama," alimwuliza mkwewe, "mikono yangu ina baridi siku zote. Tangu utotoni. Si mimi niliyempoza mtoto?"

Bi Hilda alimshika mabega akamtazama machoni. "Nisikilize vizuri. Nilimgusa mwenyewe. Alikuwa na joto mikononi mwako mpaka mwisho. Moyo wake ndio ulioshindwa, wewe hukushindwa. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Maneno hayo Noreen aliyashika kama mtu aliyeanguka mtoni anavyoshika mzizi. Ndiyo yaliyomwezesha kuamka, kuvaa, kula kidogo na kupita mbele ya makaburi bila kuanguka. Lakini kicheko kilimhama. Kondoo wakakatwa manyoya, nyasi zikavunwa, baridi ikarudi, naye bado alitembea nyumbani humo kama kivuli kinachoomba radhi kwa kupita.

Desemba ilipofika, Bi Hilda aliona imetosha. Alimkuta Noreen ameketi dirishani, akamtupia aproni mapajani.

"Funga hiyo. Leo unatengeneza pai."

"Mama, mimi sijui pai. Kwetu tulikuwa tunanunua dukani."

"Pai za dukani! Hizo ni za kumpigia mbweha akivamia kuku. Inuka, binti. Moyo ukikataa kufanya kazi, ipe mikono kazi, moyo utafuata wenyewe."

Akamfundisha. Akamwonyesha kuchekecha unga kutoka juu, chekecheo limeinuliwa usawa wa kidevu, ili unga ushuke na hewa ndani yake. Siagi na mafuta ya nguruwe vilitolewa stoo ya baridi dakika ile ile ya kutumika. "Sasa fikicha," alisema. "Kwa ncha za vidole tu. Kiganja kisiguse, kiganja kina moto. Inua juu, uache udondoke. Taratibu! Hukandi mkate wewe. Ukiusumbua unga unakununia, na unga ukinuna pai inakuwa tofali."

Mwenyewe alijaribu bakuli lake kando, lakini baridi yabisi ilikuwa imemvimbisha vifundo vya vidole, na mikono yake iliwaka kama iliyotoka kwenye maji ya moto. Siagi ikayeyuka kabla haijafikichika, unga ukamganda vidoleni. Akaguna. Kisha akachungulia bakuli la Noreen. Mlikuwa na kitu kama makombo ya mkate, makavu, mepesi, yaliyolingana punje kwa punje.

"Hebu lete mkono wako," alisema. Akaushika. "Mungu wangu, barafu! Kumbe ndiyo maana. Mwanangu, kuna wapishi wanaloweka mikono kwenye maji ya kisima mpaka inakufa ganzi, ili waipate baridi kama hii. Wewe umezaliwa nayo. Hiyo ni karama."

Noreen aliitazama mikono yake kwa muda mrefu, kama mtu anayerudishiwa kitu alichodhani kimeibiwa.

Walimwaga maji baridi kijiko baada ya kijiko, wakaliacha donge lipumzike, wakalisukuma kwa mkono mwepesi, wakakata vifuniko na kuviziba pembeni kwa uma. Mbwa wa shamba alipopenya chini ya meza, chekecheo likamwangukia, akatoka mbio mweupe kama mzimu, akipiga chafya. Noreen akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, chenye kutu, lakini Alwyn, aliyekuwa akiingia, alikisikia akasimama mlangoni, theluji imemjaa butini, asithubutu kusogea. Bi Hilda aliiona ile theluji ikiyeyuka juu ya sakafu yake safi. Aligeukia oveni, akafuta macho kwa pindo la aproni.

Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi kulikuwa na chai ya kanisa. Bi Hilda mwenyewe ndiye aliyeshikilia kwamba wapeleke sahani mbili, ya buluu yenye pai za Noreen na nyeupe yenye zake. "Waone na mkono wako," alimwambia. "Usiogope. Mimi nitakuwa karibu." Nia yake ilikuwa njema kama maziwa. Jambo asilolijua ni kwamba mtu anaweza kumtakia mwenzake mema yote, ila asitake kushindwa naye mbele ya watu.

Ukumbi ulijaa. Mbele kabisa kwenye meza ya pai alisimama Bi Mabel Outhwaite, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa wa pili baada ya Hilda, na alikuwa hajasahau hata mwaka mmoja. Alichukua pai kutoka sahani ya buluu, akauma, akafumba macho.

"Hilda we!" alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Mwaka huu umejipita. Hili ganda au theluji?"

Bi Hilda alifungua mdomo, lakini Alwyn, ambaye kwa kawaida hakusema neno mbele za watu, siku hiyo furaha ilimponza.

"Hizo si za Mama," alisema, uso ukimng'aa. "Hizo katengeneza mke wangu."

"Ati?" Bi Mabel aligeuka. "Na hizi nyeupe?"

"Hizo ndizo za Mama."

Bi Mabel akachukua moja ya sahani nyeupe. Akatafuna. Akaendelea kutafuna. Wanawake wakamtazama, tabasamu zikiwachezacheza midomoni.

"Mm," alisema hatimaye. "Hii inashibisha."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. "Mwanafunzi kampiku mwalimu!" alisema mmoja. "Hilda, mwakani wewe uoshe vyombo tu," alisema mwingine. Hakuna aliyekuwa na ubaya. Ndivyo walivyotaniana siku zote, na Hilda mwenyewe alikuwa bingwa wa utani huo. Lakini mke wa mchungaji alinyoosha mkono akachukua pai ya pili ya buluu, mzee mmoja akaomba ya kumpelekea mkewe mgonjwa, na sahani nyeupe ikabaki imejaa katikati ya meza kama mgeni asiyejuana na mtu. Bi Hilda alicheka pamoja nao. Wekundu ulikuwa umempanda shingoni.

Ndipo Bi Mabel alipomshika Noreen mkono na kuuinua juu. "Hebu tuone siri yenyewe. Loo! Jamani, guseni hapa. Baridi kama jiwe la kisimani!"

"Baridi kweli," alidakia Bi Hilda, akitabasamu bado, akitafuta kicheko cha kumrudishia heshima yake. "Hata Robin alishindwa kuota moto humo."

Hakuna aliyecheka. Kijiko kikaanguka mahali fulani. Bi Hilda alilisikia neno lake likiwa limekwisha toka, akalitazama kama mtu anayetazama sahani ikiwa hewani, kabla haijafika sakafuni. Noreen hakulia. Aliutoa mkono wake taratibu kutoka kwenye mkono wa Bi Mabel, akautazama, akautia mfukoni mwa sketi yake. Ule wa pili akautia pia.

"Mama," alisema Alwyn kwa sauti ya chini, "umesema nini?"

"Nilikuwa natania tu."

"Unatania nini?"

Noreen alikuwa amekwisha chukua koti lake.

Waliporudi nyumbani, Bi Hilda alikwenda kugonga mlango wa chumba chao kabla hata hajavua kofia. Alimkuta Noreen akikunja nguo na kuzipanga sandukuni, bila haraka. Bibi yule, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akimpigia mtu magoti, alipiga magoti.

"Noreen, mwanangu. Ulimi huu una shetani. Wivu ulinishika, basi. Walinicheka nikaona nami niseme kitu, na hicho ndicho kilichokuwa karibu. Unajua si kweli. Daktari mwenyewe alituambia."

"Inuka, Mama, sakafu ina baridi," alisema Noreen. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Bi Hilda kuliko yote. "Siku ile uliniambia alikuwa na joto. Nikakuamini, kwa sababu ni wewe peke yako uliyekuwepo na kumgusa. Leo umesema jingine."

"La kwanza ndilo la kweli! Naapa mbele ya Mungu."

"Huenda. Lakini siku ile nilikuwa nalia, na mtu anayelia huambiwa lolote ili anyamaze. Leo nilikuwa nacheka. Hukuwa na sababu ya kunificha." Aliweka gauni la mwisho sandukuni. "Nitajuaje, Mama? Hata ukiapa leo, kesho nitajuaje?"

Waliondoka kabla ya Krismasi. Alwyn alimwachia jirani kazi ya kulisha kondoo, akambusu mama yake shavuni mlangoni. "Siendi kwa kukuchukia," alisema. "Naenda kwa sababu hawezi kupumua humu." Bi Hilda alisimama kwenye njia mpaka gari lilipopotea nyuma ya kanisa. Krismasi hiyo alikula mkate na jibini, amesimama jikoni.

Bi Mabel alikuja kumwona baada ya mwaka mpya, hana hata kikapu mkononi. "Nami nilikuchokoza, Hilda," alisema. "Sipati usingizi."

"Ulinichokoza, ndiyo," alijibu Bi Hilda. "Lakini maneno niliyachagua mimi."

Alwyn alipata kazi kwenye kiwanda cha maziwa mjini na hakurudi tena shambani. Mama yake alijaribu kusimamia mwenyewe majira ya kondoo kuzaa, akashindwa. Kundi likauzwa, mwenye ardhi akaweka mpangaji mwingine, na Bi Hilda akahamia nyumba ndogo ya chumba kimoja mkabala na makaburi. Mara kwa mara alionekana akipalilia kaburi dogo, midomo yake ikicheza bila sauti. Pai hakupika tena, na alipoalikwa kwenye chai ya kanisa alijibu kwamba anaumwa.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwa Bi Hilda majuto yalitangulia, mjukuu akaja nyuma yake. Baada ya miaka miwili zilimfikia habari kwamba Noreen amejifungua binti huko Bradford, mzima wa afya, mwenye mapafu ya kuamsha mtaa. Bi Hilda akafuma shali nyeupe, akapanda basi.

Noreen alimfungulia mlango na kumkaribisha vizuri. Alimvua koti, akamketisha karibu na moto, akamtilia chai. Alimwita Mama kama zamani. Mtu asiyejua angedhani hakuna kilichowahi kutokea. Bi Hilda alianza kupata matumaini, akaitoa ile shali na kuitandaza magotini.

Kisha mtoto akalia chumba cha pili.

Bi Hilda alitazamia kumwona mama mtu akikimbia. Noreen hakukimbia. Alikwenda mbele ya moto, akapiga magoti, akanyoosha mikono yote miwili karibu na makaa kiasi kwamba Bi Hilda alitaka kumvuta. Mtoto alizidi kulia. Noreen aliigeuza mikono, mgongo, kiganja, mgongo tena, mpaka ngozi ikawa nyekundu. Akainuka, akaigusisha shavuni mwake kuipima. Haikumridhisha; akarudi kwenye makaa. Kilio cha mtoto kilikuwa sasa kimekatikakatika, kile kilio cha mtoto aliyekwisha kata tamaa ya kusikika. Ndipo Noreen alipochukua glavu za sufu zilizokuwa zimetandazwa juu ya wavu wa moto, akazivaa, akaenda kumchukua mwanawe.

"Kila mara?" Bi Hilda alimwuliza Alwyn kwa kunong'ona.

"Kila mara," alijibu Alwyn, akitazama sakafu. "Tangu azaliwe hajamgusa kwa mkono mtupu. Nesi kamwambia, daktari kamwambia, mimi nimechoka kumwambia. Anaitikia tu."

Noreen alirudi na mtoto kifuani. Alikuwa mtoto mzuri, mwenye nywele za rangi ya majani makavu, na alikuwa akihangaika kuushika uso wa mama yake.

"Noreen," alisema Bi Hilda. "Robin alikuwa na joto. Alikuwa na joto mpaka mwisho, mwanangu. Mimi nilikuwepo."

"Ndiyo, Mama," alijibu Noreen kwa upole, kama mtu anavyomjibu mtoto anayesimulia ndoto.

"Nimpakate kidogo?"

Noreen alimtazama, kisha akamtazama mtoto, akamvuta karibu zaidi. "Leo hapana, Mama. Ndiyo kwanza ametulia."

Jioni Alwyn alimsindikiza mama yake kituoni. Ndani ya basi, mwanamke aliyeketi jirani yake, mchangamfu, alimwuliza kama anatoka kutembelea jamaa.

"Mjukuu wangu," alisema Bi Hilda.

"Oo, hongera! Mzito?"

Bi Hilda alifungua mdomo. Kisha, kwa mara ya kwanza maishani mwake labda, alilizuia neno kabla halijatoka. Hakuwahi kumpakata mtoto huyo ajue uzito wake. Aligeukia dirisha, akalia njia nzima mpaka Thornrigg. Kidole kilichojikwaa huvimba, hukandwa, kikapona. Ulimi wake ulijikwaa mara moja tu kwenye meza ya pai, na walioumia ni mama na mtoto ambaye wakati huo alikuwa bado hajazaliwa. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.